Zulia lililoharibiwa na paka au mbwa: kiraka au jipya?

Kwa gharama, kiraka kinashinda bila ubishi. Unakata kipande chini ya kabati, mahali pasipoonekana, unakibandika kwa gundi au utepe wenye gundi pande zote mbili. Kazi ya saa moja au mbili. Hakikisha tu nyuzi zimelala upande mmoja na za zulia lenyewe, la sivyo kiraka kitajitangaza kutoka mlangoni.

Kwa kudumu, inategemea mnyama alifanya nini. Akichana kwa kucha, kiraka kinatosha. Mkojo ni habari nyingine: hupenya hadi kwenye sponji ya chini, na hewa ikiwa na unyevunyevu harufu hurudi, hata ukiweka kiraka kizuri namna gani. Hapo ng'oa zulia na sponji yake, usafishe sakafu kwanza. Wengi huiruka hatua hii, kisha hulaumu zulia jipya.

Utunzaji? Kiraka hutaka kuangaliwa kingo. Jipya hutaka mnyama aliyeacha tabia yake. Kama bado anachana, mimi ningebandika kiraka na kusubiri.