Ocmulgee na mama: uzoefu wangu

Septemba nilimpeleka mama, aliyekuja kunitembelea kutoka Tanga, kwenye vilima vya kale vya Ocmulgee, Macon, jimbo la Georgia. Kutoka kwangu Atlanta ni kama saa moja na nusu kwa gari. Siku za kawaida kuingia ni bure. Sisi tulichagua siku za tamasha la Wenyeji wa asili wa Marekani, ambalo lina kiingilio, na sijutii hata senti.

Kwa mbali mama aliviita vichuguu. Tulipofika chini ya kile kikubwa, mita 17 kwenda juu, udongo uliobebwa kapu kwa kapu, akatazama ngazi, akatazama goti lake. Tulipanda kwa mafungu. Kilima kingine kilikatwa na reli karne ya 19, mama akasonya.

Halafu nyumba ya udongo. Unaingia umeinama, unatokea kwenye sakafu ya miaka 1,000 hivi, viti 47 vya udongo vimezunguka ukuta, na jukwaa lenye umbo la tai. Paa lilijengwa upya miaka ya 1930. "Hapa ni barazani," mama akasema kabla sijamweleza.

Sasa lililonigusa. Makumbusho nilikozoea, ukimtafsiria mtu, kila kitenzi ni "wali-": walilima, walizika, walitoweka. Hapa mzungumzaji alikuwa mzee wa Muscogee, taifa la Wenyeji ambao hapa palikuwa kwao, aliyetoka jimbo la Oklahoma. Kwa mazoea nikatafsiri, "Walifukuzwa miaka ya 1830." Mama, mwenye Kiingereza cha kuombea maji, akanikatiza: "Mbona mwenyewe anajishika kifuani?" Nikarudia upya: tulifukuzwa, na makao makuu yetu kule Oklahoma tukayaita Okmulgee, kwa jina la hapa. Kuanzia hapo nikawa natafsiri kwa "tu-", na hadithi ikawa nyingine kabisa.

Kwenye ngoma, wanawake hufunga miguuni magamba ya kobe yenye kokoto ndani (njuga kabisa!), kiongozi anaimba, wanaume wanaitikia. Watazamaji walipokaribishwa, mama aliniachia mkoba akaingia. Habari za goti sikuzisikia tena.

Bebeni maji na kofia, jua la Georgia halina adabu.

Garini akauliza, "Hawa wa Oklahoma wanarudi lini?" Septemba ijayo, nikamwambia. Viza yake inaisha Desemba.