Mwongozo wa kununua nepi za watu wazima na vifaa vingine kwa mgonjwa aliyelazwa asiyeweza kuzuia mkojo

Mzee wetu alipopata kiharusi na kulazwa Kisumu, sisi watoto tulinunua vitu kwa haraka na kwa aibu. Nilisimama kwenye kaunta ya kemisti iliyo karibu na lango, nikangoja wateja wengine waondoke, kisha nikaomba kwa sauti ya chini nepi za watu wazima. Muuzaji hakuniuliza kipimo cha nyonga, nami sikujua kwamba hilo ndilo jambo la kwanza kujua. Nilichukua saizi kubwa kwa kuwa mzee ni mtu mrefu, ilhali mwili wake ni mwembamba. Saa tisa usiku mkojo ulipita pembeni mwa paja ukaloanisha shuka, shati na godoro, na asubuhi tukamkuta amejifunika blanketi hadi shingoni, hataki kusema na mtu. Ninaandika kwa ajili ya yule anayesimama kwenye kaunta kama ile leo, awe Kisumu, Kakamega au Nakuru.

Kabla ya kutoa pesa, jibu maswali matatu. Je, mgonjwa anahisi mkojo unapokuja, hata kama hawezi kufika chooni? Je, anaweza kusimama au angalau kujigeuza kitandani? Na ni nani atakayembadilisha usiku? Swali hili la mwisho ndilo familia nyingi hulikwepa. Huku kwetu Nyanza na Magharibi kuna heshima ya ukwe: mkaza mwana hamvui mkwewe nguo, wala mama mkwe hawezi kuoshwa na mume wa binti yake, na mgonjwa anaweza kuficha kwamba amelowa kwa sababu tu aliyeketi kando yake ni mkwe. Kubalianeni mapema ni mtoto yupi au ndugu yupi atafanya kazi hiyo, kwa sababu kifaa kizuri kuliko vyote hakifai kitu ikiwa hakuna wa kukibadilisha.

Nafasi ya kwanza ninaipa chupa ya mkojo, na kwa wanawake chombo bapa cha kuwekwa chini ya makalio ambacho wauguzi hukiita bedipani. Wengi watashangaa kwamba sikuanza na nepi. Lakini wagonjwa wengi wanaolowesha kitanda hospitalini bado wanahisi mkojo vizuri. Kinachowashinda ni mguu uliovunjika, dripu mkononi, kitanda kirefu au choo kilicho mwisho wa ukumbi. Mgonjwa wa namna hiyo akivalishwa nepi tangu siku ya kwanza hujizoesha kukojoa humo, na kurudi chooni baadaye huwa kazi ngumu. Chupa moja ya plastiki yenye kifuniko hudumu muda wote wa kulazwa, huoshwa, na hugharimu kidogo kuliko pakiti moja ya nepi. Nunua yenye mpini unaoweza kuning'inizwa kwenye reli ya kitanda, upande wa mkono ulio na nguvu. Mzee wetu aliishiwa nguvu upande wa kulia, na kwa siku mbili nzima chupa ilikuwa upande huohuo wa kulia. Mpe mgonjwa chupa kila baada ya saa mbili mchana bila kungoja aombe, na tena kabla ya kulala.

Nafasi ya pili ni nepi ya kubandika pembeni, ambayo watu wengi bado huiita pampasi hata kama imetengenezwa na kampuni nyingine. Hii ndiyo ya mgonjwa asiyehisi mkojo au asiyeweza kujigeuza, kwa sababu inaweza kuvalishwa akiwa amelala ubavu bila kumwinua. Usipime kwa macho. Chukua utepe wa fundi cherehani, pima kiuno, kisha pima nyonga mahali palipo panene zaidi, na utumie namba iliyo kubwa kati ya hizo mbili. Kila kampuni ina vipimo vyake, kwa hiyo soma sentimita zilizochapwa kwenye pakiti badala ya kutegemea herufi ya saizi. Nepi iliyobana hukata ngozi ya paja, na iliyolegea huvuja kama ile ya mzee; ikikaa sawa, vidole viwili vinapita kati ya nepi na tumbo.

Ukiruhusiwa kufungua moja dukani, tazama ndani yake. Kandokando ya mapaja panapaswa kuwa na kingo laini zinazosimama kama ukuta mdogo. Hizo ndizo huzuia haja isipite, na anayevalisha akizikunja ndani kwa haraka hazina kazi tena. Bandiko zuri hufunguka na kubandikika tena, jambo lenye maana kubwa kwa sababu daktari atakagua tumbo na hutaki kutupa nepi kavu kila mara. Upande wa nje uwe wa kitambaa kinachopitisha hewa ikiwa mgonjwa yuko Kisumu, kwani katika joto la huku plastiki tupu hugandamana na ngozi na jasho peke yake hutosha kuichubua. Nyingi zina mstari wa katikati unaobadilika rangi zikilowa, na mstari huo humwezesha msaidizi kujua hali bila kumfunua mgonjwa mbele ya wodi nzima.

Usidanganywe na mililita zilizoandikwa. Namba hiyo kwa kawaida hutokana na kipimo cha maabara ambapo nepi nzima hulowekwa, na mgonjwa anayeilalia hupata sehemu tu ya uwezo huo kabla haijaanza kuvuja. Mtu mzima hutoa takriban lita 1 hadi 2 za mkojo kwa siku, na zaidi akiwa kwenye dripu au dawa za kupunguza maji mwilini. Kwa sababu hiyo ninashauri aina mbili: nyepesi za mchana, zinazobadilishwa mara kwa mara, na nzito za usiku. Kuvalisha nepi mbili kwa pamoja ni hasara, kwa kuwa ile ya ndani ina plastiki chini yake na mkojo hauwezi kupita kwenda kwenye ya pili. Utaishia kumpa mgonjwa joto na mkunjo.

Ya tatu ni shuka ya kufyonza ya kutumiwa mara moja, mara nyingi yenye ukubwa wa sentimita 60 kwa 90, ambayo hutandikwa chini ya makalio. Inunue kama msaidizi wa chupa au wa nepi. Peke yake haimtoshi mtu asiyehisi mkojo, maana humwacha amelala juu ya unyevu. Tandika moja tu bila mikunjo, hasa kwa mgonjwa aliyepewa godoro la hewa, kwa sababu matabaka mengi huondoa faida ya godoro hilo na kuharakisha vidonda vya kulalia.

Nepi ya kuvaa kama chupi naiweka ya nne, ingawa ndiyo inayopendwa zaidi na wagonjwa wenyewe. Kwa mtu anayetembea, kwa mfano aliyetolewa mpira wa mkojo (katheta) baada ya upasuaji wa tezi dume, inampa heshima yake na anaivua mwenyewe chooni. Kwa mgonjwa wa kitandani ni usumbufu, kwa sababu kuibadilisha ni lazima suruali yote ivuliwe. Ingoje siku anapoanza kutembea na mtaalamu wa viungo.

Kwa wanaume kuna pia kondomu ya mkojo, inayovalishwa kwa nje na kuunganishwa na mfuko. Ni nzuri usiku kwa mwenye ngozi ya makalio iliyochubuka, lakini ichaguliwe kwa kipimo, muuguzi aivalishe mara ya kwanza, na ngozi ikaguliwe kila inapobadilishwa. Ya mwisho kwenye orodha yangu ni vitambaa vya taulo vyenye suruali ya plastiki. Nyumbani vinafaa na huokoa pesa nyingi, na taulo za mitumba zinazovutia maji vizuri unazipata soko la Kibuye, Kisumu. Wodini, hata hivyo, hakuna mahali pa kuvifua wala pa kuvianika, na mtu anayetoka Bondo au Mbale kwa matatu hawezi kubeba ndoo ya nguo zilizolowa kila jioni.

Kuhusu mpira wa mkojo unaoingizwa kwenye kibofu, tafadhali msiuombe ili tu kitanda kibaki kikavu. Kila siku ambayo mpira huo unabaki ndani, uwezekano wa bakteria kuingia kwenye mkojo ni kati ya asilimia 3 na 7. Daktari akiona sababu ya kuuweka atauweka. Kazi ya familia ni kuuliza kila asubuhi kama bado unahitajika.

Hesabu ya pesa ifanywe kwa siku, wala si kwa pakiti. Chukua mfano: nepi moja ni shilingi 110 na mgonjwa hutumia nne kwa siku, nyingine ni shilingi 90 lakini huvuja hadi atumie sita. Kwa siku 10 ya kwanza itakugharimu shilingi 4,400 na ile iliyoonekana rahisi shilingi 5,400, bado hujahesabu shuka. Kwa hiyo nunua kwanza za siku mbili tu, hata kama duka la jumla kwenye barabara ya Oginga Odinga hapa Kisumu au Kenyatta Avenue kule Nakuru linakupunguzia bei ya katoni. Saizi inaweza kukosea, na mgonjwa anaweza kupata nafuu au kuhamishiwa hospitali nyingine.

Weka akiba kidogo ya pesa kwa ajili ya ngozi: glavu, sabuni isiyo kali, na krimu ya zinki au mafuta ya mgando. Baada ya haja kubwa osha mara moja, mwanamke apanguswe kutoka mbele kwenda nyuma, kausha kwa kugusagusa bila kusugua, na upake safu nyembamba. Mafuta mengi huziba nepi isifyonze. Poda huganda kwenye mikunjo, iache. Ukiona wekundu usiopotea unapobonyeza kwa kidole, mwonyeshe muuguzi siku hiyohiyo.

Na kama mgonjwa alikuwa akijizuia vizuri kabla ya kulazwa, usimalize jambo hilo dukani. Maambukizi ya mkojo, kufunga choo, dawa mpya au kibofu kilichojaa hadi kinachuruzika kidogo kidogo vyote huleta hali hii, na vyote vina tiba. Usimnyime maji ukidhani unasaidia, kwani mkojo mzito huchokoza kibofu zaidi.

Uliza ndoo ya kutupia ni ipi, na uje na magazeti ya kufungia nepi zilizotumika, maana mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017. Andika jina la mgonjwa na namba ya kitanda kwenye pakiti kwa kalamu ya wino mzito. Kabla wageni hawajaambiwa watoke jioni, toa nepi nne za usiku uziweke juu ya kabati pamoja na glavu, kisha mtafute muuguzi wa zamu ya usiku umwonyeshe zilipo.