Uzoefu wangu na Mark 4 ya 303 kwenye shabaha hapa Dodoma: bunduki nzima, shida ni risasi

Wakuu salaam. Kuna jamaa wamekuwa wakiniuliza kama hizi bunduki za zamani za bolti (komeo la chuma unalovuta na kusukuma kwa mkono kila unapoingiza risasi) bado zina maana kwa mtu anayependa kupiga shabaha tu, sio kuwinda, sasa nimeona niandike yote kwa pamoja maana majibu ya nusunusu yanachanganya watu. Kwa kifupi bunduki yenyewe ni nzuri mno, inapiga sahihi kuliko wengi wanavyoidhania, na karibu kila lawama ninayoisikia juu yake nikichunguza nakuta ni ya risasi au ya usafi.

Yangu ni Lee-Enfield No. 4 Mk I, bunduki ya jeshi la Uingereza inayotumia risasi za 303, hii tunayoiita Mark 4, imetengenezwa Long Branch kule Kanada wakati wa vita ya pili. Ilikuwa ya marehemu babu mzaa mama, aliimiliki kihalali, na alipofariki familia iliikabidhi polisi kwanza ndo mi nikaanza mchakato wa leseni kwa jina langu. Hiyo hatua msiiruke jamani, silaha ya marehemu hairithiwi kienyeji. Renji (uwanja wa kupigia shabaha) ninayotumia iko nje ya mji, ya binafsi, ina kibali, nyuma ya shabaha kuna tuta kubwa la udongo na msimamizi hana mchezo: vizibo vya masikio na miwani lazima, bolti wazi mpaka mtu wa mwisho arudi kutoka kwenye shabaha. Kwa hilo nawapa maksi zote.

Tuanze na bolti maana ndo raha yenyewe. Mikono iliyozoea Mauser ya Kijerumani inashangaa, kwa sababu Mauser 98 bolti unainyanyua nyuzi 90 na inajikoki wakati unaifungua, hii unainyanyua kama nyuzi 60 tu na inajikoki wakati unaisukuma mbele kufunga. Kwa hiyo kufungua ni laini kabisa, unapiga, unarudisha, unasukuma, jicho halijatoka kwenye saiti (ya kulengea) wala kitako hakijatoka begani. Magazini inabeba 10, Mauser inabeba 5. Triga ina hatua mbili, ya kwanza unavuta inakuja taratibu, halafu inagoma kidogo, hapo unatulia, unashusha pumzi, unamalizia. Ukishaizoea hutaki tena triga nyepesi za kisasa. Teke lake pia sio la kutisha, chuma na mbao zake zinafika kama kilo 4 kwahiyo uzito unalimeza, ila angalia kitako kimepigwa herufi gani, maana vilitengenezwa virefu (L), vya kawaida (N), vifupi (S) na vile vifupi zaidi vya B, mtu mfupi akishika L bega litamuuma na shingo itamuuma halafu anasema bunduki mbaya.

Saiti ndo kitu kilichonifanya niipende. Nyuma ni katundu unachungulia, mbele kajisu kadogo, jicho lenyewe linatafuta katikati ya tundu bila kulazimisha. Yangu ina ile saiti ya nyuma ya ngazi, inaanzia yadi 200 mpaka 1300, inapanda kwa klik za yadi 50. Sasa hapa wengi wanachanganyikiwa: ukiiweka 200 ukapiga yadi 100 risasi lazima ipige juu, kama inchi 2 hadi 3, hiyo ni kawaida, unalenga chini ya duara jeusi maisha yanaendelea. Yangu ilikuwa inapiga juu zaidi ya hapo, kama inchi 6 hivi. Fundi akaangalia kajisu ka mbele akakuta kameandikwa 015, akasema tupande mpaka 045. Hivyo visu vinakuja kwa urefu tofauti, vinapishana elfu 15 za inchi, na kila hatua moja inahamisha risasi kama inchi 2 hivi kwa yadi 100, kisu kikipanda risasi inashuka. Hatua mbili, inchi 4, tatizo likaisha, hakukata wala kupiga tupa kitu chochote. Fundi wa hivyo mheshimuni.

Huyohuyo ndo alinikagulia nafasi kati ya kichwa cha bolti na ganda la risasi. Mark 4 ina vichwa vya bolti vya kubadilisha, vina namba 0, 1, 2 na 3, kila namba ndefu kidogo kuliko iliyotangulia, kwahiyo ikichakaa inarekebishika. Ila namba ya utambulisho iliyogongwa kwenye bolti na ile ya kwenye bodi ya bunduki lazima zilingane, ukiona hazilingani usipige hata moja mpaka ipimwe, kwa sababu nafasi ikizidi ganda linaweza kukatika chembani, yaani pale risasi inapokaa tayari kupigwa.

Sasa risasi, hapa ndo pana maneno. Nimepiga za zamani za kijeshi, zile Mk VII zenye kichwa cha greni 174 (kama gramu 11), na nimepiga mpya za Prvi Partizan za Serbia zenye uzito huohuo. Tofauti ni mbingu na ardhi. Mpya nikiwa nimeegemea kifuko cha mchanga zinakaa ndani ya inchi 3 kwa yadi 100, kwa bunduki ya miaka ya 40 na saiti ya chuma tupu mi sidai zaidi ya hapo. Za zamani zinatawanyika hovyo, nyingine unavuta triga inalia ti, unasubiri, halafu ndo inalipuka. Ikitokea hivyo usifungue bolti kwa haraka, acha mdomo wa mtutu uendelee kuelekea kwenye tuta, hesabu hata sekunde 30 ndo utoe. Sio kwamba zilitengenezwa vibaya, baruti yake ni kodaiti, ukifungua ganda unakuta nyuzi zimelala kama tambi, lakini miaka 70 kwenye stoo ya bati na joto la huku hakuna kitakachobaki salama.

Halafu fataki zake (kile kidude cha nyuma ya ganda kinachowasha baruti) nyingi za zamani zinaacha chumvi ndani ya mtutu. Mafuta peke yake hayaitoi hiyo chumvi, inataka maji. Mi nikimaliza namimina maji ya moto kabisa kupitia chembani, nafuta mpaka kitambaa kitoke kikavu, ndo napaka mafuta. Watu wanasema Dodoma kukavu hakuna kutu, ngoja masika yaanze uone. Ukavu wenyewe nao una kazi yake, mbao zinasinyaa na kupasuka karibu na triga, mi napaka mafuta ya linsidi kidogokidogo kabla ya kiangazi.

Kitu kingine ni ukingo wa ganda. 303 ina ukingo uliotokeza nyuma, ukipakia magazini kila ukingo ukae mbele ya ule wa chini yake, ukikaa nyuma zinanasana, bolti inagoma, na hapo ndo utasikia mtu anasema bunduki inajam. Haijam, imepakiwa vibaya.

Upepo wa huku mnaujua, Juni mpaka Agosti ikifika saa nne asubuhi vumbi linatembea, kwa yadi 200 unaona kabisa kundi la matundu limehama pembeni. Tunaanza saa moja asubuhi, saa tatu tunafunga.

Na kwa mtu wa mkoa huu kuna uzito mwingine pia. Mwaka 1916 vita ya kwanza ya dunia ilipita hapahapa, mwezi wa tano walipigana Kondoa, mwishoni mwa Julai jeshi la upande wa Waingereza likaingia Dodoma na kuikamata reli. Mtangulizi wa hii bunduki, Lee-Enfield fupi, alikuwepo upande mmoja, na upande wa Mjerumani askari wetu wengi walianza vita na Mauser za mwaka 1871 zinazotumia baruti ya moshi, unapiga mara moja wingu linapanda na adui anajua umelala wapi. Vita ya pili askari wa Keya (KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), wa Tanganyika wakiwemo, walifika mpaka Burma. Mi nikiishika hii naona wale wazee walibeba mzigo wa kweli, kilo 4 hizo ni kabla hujaweka risasi, maji na chakula.

Kwahiyo kama unayo au unaifikiria: yadi 100 na 200 utafurahi kabisa, 300 inawezekana ukiwa na macho mazuri na asubuhi imetulia. Bajeti yako iweke kwenye risasi mpya kabla ya kitu kingine chochote, na maganda ya shaba usiyaache chini, yaokote yote, renji yetu wanayahesabu na kuyaandika kwenye kitabu kabla hamjatoka getini.