Miezi minane kwenye usukani wa baiskeli: kifaa kizuri cha GPS, ila kikikwambia "geuka nyuma" kiulize kwanza

Saa mbili usiku, kilomita ya 212 ya safari ya 300 ambayo lazima iishe ndani ya saa 20. Nimetoka kushuka kilima kirefu, mbele yangu barabara moja tu isiyo na njia panda, na kifaa changu cha kuonyesha njia kinalia: geuka nyuma. Nikatii, mjinga mimi. Nikapanda kile kilima, kilomita nne nzima, mpaka nikakumbuka kwamba asubuhi pia nilikipita. Njia yangu ilikuwa ya kwenda na kurudi kwenye lami ileile. Kumbe kifaa nilikizima nilipokuwa nakula. Kilipowaka kikatafuta mstari ulio karibu, kikashika ule wa kwenda. Kwa hesabu zake nilikuwa naendesha kinyume. Nilimaliza zikiwa zimebaki dakika 11.

Siku hizi faili la njia ya namna hiyo nalikata vipande viwili pale pa kugeuzia, cha pili nakifungua nikifika. Tatizo hilo halijarudi.

Kwa kifaa chenyewe sina ugomvi mkubwa. Skrini inasomeka juani, na vitufe ni vya kubonyeza, hivyo mvua haikisumbui kama kile cha kugusa nilichokuwa nacho zamani, ambacho matone yalikuwa yanakifungulia menyu yenyewe.

Kinachokera ni mipangilio ya kiwandani. Kukokotoa njia upya huja kumewashwa. Ukichepuka mita mia kufuata maji, kinakutungia njia yake, nayo mara nyingi ni ya mchanga au ngazi, mradi tu ni fupi. Kuzime. Utabaki na mstari wako kwenye ramani, na macho yako yatakurudisha.

Kingine ni pupa yetu wenyewe asubuhi. Setilaiti za GPS ziko kilomita 20,200 juu, na taarifa zao zinashuka polepole mno, biti 50 kwa sekunde. Taarifa za mahali setilaiti ilipo zinarudiwa kila sekunde 30. Tawi likikata mawimbi katikati, kifaa kinasubiri mzunguko mwingine. Ndiyo maana ukianza safari chini ya miti, mstari wako unapita juu ya mapaa ya watu. Mimi nakiweka mahali peupe, nakiacha kitulie huku najaza upepo.

Halafu kuna tundu. Geuza kifaa uone: upande wa chini pana kitundu kidogo kama cha sindano, na ndani yake kipimo cha shinikizo la hewa kinachohesabu mwinuko. Jasho na matope vikikiziba, barabara tambarare inageuka mlima. Baada ya mvua moja niliambiwa nimepanda mita 900 mahali ambapo hata mnyororo sikuubadilisha gia. Suuza kwa maji safi, acha pakauke. Usichokonoe na sindano, tafadhali.

Kuchaji njiani kulinisumbua mpaka nikajua kosa liko kwenye kebo. Nikichomeka, kifaa kilidhani kimeunganishwa na kompyuta, kikaacha kurekodi. Kebo ya chaji tupu, isiyo na nyaya za data, ilimaliza kesi. Wenye dainamo ya gurudumuni wasichaji moja kwa moja: mlimani mwendo ukishuka umeme unakatika, na kila ukikatika skrini inawaka kukuuliza kama izime. Pitisheni kwenye pawabenki kwanza.

Nakipa nyota nne, na kikipotea nitanunua hichohicho.

Kilichonishinda mpaka leo ni milio. Ule wa kona na ule wa kutoka njiani ni mmoja, na nikinyamazisha huu, ule nao unakufa. Kama kuna aliyeitenganisha, aniambie ni menyu gani, maana nimezimaliza zote.