ATIS na taarifa za njia ya kurukia: huduma bora kuliko zote hapa uwanjani

Ninarusha ndege ndogo ya injini moja. Katika huduma zote za uwanja huu wa kikanda, mafuta, maegesho, chumba cha marubani, ninayoithamini kupita zote ni ile sauti iliyorekodiwa redioni ya kutuarifu marubani hali ya uwanja, ATIS, pamoja na METAR, ripoti ya hali ya hewa ya uwanja, ninayoisoma kwenye simu kabla ya kuwasha injini.

Taarifa za uwanja huu hazichachi. METAR hutoka kila nusu saa, na hali ikigeuka ghafla katikati, SPECI, yaani ripoti maalumu, hutolewa papo hapo. Kila rekodi mpya ya ATIS ina herufi yake, kwa hiyo nikiita mnara nasema tu "nina taarifa Kilo", yaani ya herufi K, na mwongozaji anaelewa kwamba upepo, mwonekano, mawingu, halijoto, shinikizo la hewa na njia ya kurukia inayotumika nimeshavisikia. Shinikizo ndilo ninaloliandika kwanza. Altimita, kipimo cha kimo cha ndege, hurekebishwa kwa shinikizo hilo; ikiwekwa vibaya kwa hektopaskali 10, inadanganya kwa karibu futi 300, na mawingu yakiwa yameshuka, futi hizo ni uhai wa mtu.

Wanapong'ara hasa ni kwenye hali ya njia. Tangu Novemba 2021, chini ya utaratibu wa dunia nzima wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, njia hugawanywa mafungu matatu na kila fungu hupewa namba, kuanzia 6 ikiwa kavu na kushuka hadi 0 kadiri utelezi unavyozidi. Hapa mvua ikinyesha mkaguzi hutoka na gari akaiangalia njia yote. Siku moja nilisikia "5, 5, 2": mafungu mawili ya kwanza yameloa, la mwisho lina maji yaliyotuama zaidi ya milimita 3. Kwa namba tatu tu nikajua nigusishe magurudumu mapema na nimalize kufunga breki kabla ya kufika kwenye maji. Uwanja mwingine niliotua ulitangaza "njia imeloa", basi. Dimbwi nikalikuta mwenyewe, nikiwa bado na mwendo.

Kwa wanafunzi: upepo wa METAR hupimwa kutoka kaskazini ya kweli, ila unaousikia kwenye ATIS ni wa kaskazini ya dira, sawa na namba ya njia, ambayo nayo hufuata dira. Ukitaka kukadiria upepo wa ubavuni, tumia wa redioni. Upepo ukiwa umepishana na njia kwa digrii 30, nusu ya nguvu yake inakupiga ubavuni.

Kasoro yao ni mpangilio. Siku za ukarabati, rekodi huanza na orodha ndefu ya njia za kupitia ndege zikiwa ardhini zilizofungwa, tena kwa kasi, na upepo unakuja mwishoni kabisa wakati uko peke yako na mikono imejaa kazi. Nimewaomba watangulize upepo na shinikizo, na ukarabati ufuate.