Intaneti ya waya inasumbua nyumbani? Nunua kwa mpangilio huu, ruta iwe ya mwisho mwisho

Jamani kabla hujaenda Kariakoo kubeba ruta mpya naomba unisikilize kidogo, maana naona watu wana faiba nyumbani, wamechomeka tivi, kompyuta ya kazi, gemu ya watoto na kamera, kimoja kikianza kukatakata wanakimbilia ruta ya bei mbaya na shida inabaki palepale. Mi nililipia kifurushi cha megabiti 200, kompyuta ya chumbani ikawa haivuki 94, nikawapigia simu watoa huduma mpaka nikachoka, kumbe kawaya kamoja ka kahawia hakajafika mwisho kwenye kichwa cha kebo, ukikiangalia kwenye mwanga unaona kabisa kameishia njiani.

Iko hivi, kebo ina nyaya 8, yaani jozi 4, spidi ya megabiti 100 inatumia jozi 2 tu, ya chungwa na ya kijani, gigabiti, yaani megabiti 1000, inataka zote 4, kwa hiyo jozi ya kahawia au ya bluu ikifa intaneti haikatiki, vifaa vingi vinajishusha tu kimyakimya mpaka 100. Ukiona spidi imeganda kwenye tisini na kitu, shuku kebo kwanza, halafu angalia kama swichi yako, kile kiboksi cha kuongeza poti za kuchomeka kebo, sio ya 100.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni kebo. Chukua Cat5e au Cat6, hayo ni madaraja ya kebo yanayoandikwa kwenye waya wenyewe, ya shaba tupu, basi. Cat5e inabeba gigabiti mpaka mita 100, nyumba gani ina mita 100? Cat6 ni nzuri kama unapitisha ukutani na hutaki kurudia kazi. Ile bapa ya bei chee iliyoandikwa Cat7 mi siichukui. Na ogopa sana kebo zilizoandikwa CCA, hiyo ni alumini imepakwa shaba kwa juu, inakatika ukiikunja kunja na umbali ukiwa mrefu inazingua. Dukani omba kipande, kwangua kawaya kamoja na wembe, ndani kakiwa keupe rudisha, kakiwa kekundu mpaka katikati lipa. Muuzaji akikataa usikwangue nenda duka la pili, wako wengi.

Namba mbili ni swichi, kama poti za ruta zimekuisha. Nunua ya gigabiti, ya kawaida tu isiyo na mambo ya kuseti, na kama una vifaa vinne usinunue ya poti 5 maana poti moja inaliwa na kebo inayotoka kwenye ruta na hapo umeshajaza, chukua ya 8. Soma boksi vizuri, ikiandikwa 10/100 iache, tafuta 10/100/1000. Halafu angalizo, usije ukachomeka kebo moja ncha zote mbili kwenye swichi hiyohiyo, watoto wanapenda kufanya hivyo wakiona waya unaning'inia, nyumba nzima inazima intaneti na utahangaika siku nzima kutafuta sababu.

Tatu ni testa ya kebo, ile ya vipande viwili yenye taa 1 mpaka 8. Kama kebo zako zimepita ukutani au juu ya dari hii inunue hata kabla ya swichi, taa ikiruka namba unajua waya gani umekufa na fundi hawezi kukuzungusha. Kama una kebo mbili za mezani tu achana nayo, badilishana kebo ya kifaa kinachosumbua na ya kinachofanya kazi, shida ikihama na kebo umepata jibu bure.

Nne, zile adapta za kupitisha intaneti kwenye waya za umeme. Zinasaidia nyumba ya kupanga ambayo mwenye nyumba hataki utoboe ukuta, ila spidi ya kwenye boksi usiitegemee, zichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, kwenye ekstensheni zinadhoofika.

Mwisho kabisa ndio ruta. Nunua kama ya zamani poti zake ni za 100 au inajizima yenyewe hata baada ya kubadilisha adapta yake ya umeme. Na ukitaka kutumia ruta ya zamani kama swichi, zima DHCP yake, yaani ile kazi ya kugawia vifaa anwani za mtandao, badilisha anwani yake isigongane na ya ruta kubwa, na uchomeke poti ya LAN, ile ya vifaa vya ndani, sio WAN, ile ya kupokea intaneti, ukisahau DHCP ruta mbili zitagawa anwani kwa pamoja, leo tivi inashika kesho haishiki. Kifaa kikionyesha anwani inayoanza na 169.254 ujue hakijapewa anwani na ruta, hapo rudi kwenye kebo na swichi kabla hujamlaumu mtoa huduma.