Supamaketi ya rumba hapa Mwanza, uzoefu wangu

Jina siitaji, iko mjini kati na nikishuka kivuko cha Kamanga huwa napitia. Huduma nzuri tu, feni zinafanya kazi, bei zimebandikwa. Ninachotaka kuongelea ni muziki maana umenila hela.

Mchana wanapiga rumba zile za taratibu, magitaa yanaongea weee hayana haraka. Juzi nimeingia nataka mafuta ya kula lita 1 na sabuni ya mche basi, nikajikuta nimesimama kwenye shelfu ya vikombe nageuza kikombe huku kichwa kinacheza eti naangalia mkono wake, na nyumbani vikombe vimejaa kabati. Kufika kaunta elfu 38 na mia 5, nilitoka nyumbani na hesabu ya elfu 12. Boda aliyekuwa ananisubiri akaniuliza dada ulikuwa unapika humo ndani?

Binti wa kaunta nikamuuliza huu wimbo wa nani, akacheka, "Dada mi hata siusikii tena, labda wakizima ndo ntajua ulikuwepo." Na mimi niliyekuwa natikisa kichwa, maneno yake sina hata mstari mmoja.

Kumbe mchezo wa zamani huu. Marekani mwaka 1982 jamaa anaitwa Ronald Milliman alipima kwenye supamaketi, muziki wa taratibu ukipigwa watu wanatembea polepole na mauzo yakazidi ya muziki wa kasi kwa kama asilimia 38. Uingereza nako 1997 walikuta wakipiga nyimbo za Kifaransa mvinyo wa Ufaransa unatoka, wakipiga za Kijerumani unatoka wa Ujerumani, na wateja wakiulizwa wengi wanagoma, muziki wapi bana. Ningegoma na mimi kama si risiti.

Makoroboi, kule kwa wamachinga hapa mjini, ndo kinyume chake, kila kibanda na spika yake, huyu singeli, huyu kwaya, huyu karekodi sauti "buku buku buku" mpaka jioni, pale nanunua mbiombio niondoke na nafika nyumbani shati lina tundu kwapani.

Ikifika saa 12 jioni ile supamaketi nayo inageukia singeli, sijui wanatufukuza kiaina au ni zamu ya kijana mwingine na flashi yake, ila foleni inakimbia na natoka na nilichofuata tu. Nendeni muda huo. Nawapa nyota 4, ya tano nimekata kwa ajili ya spika ya upande wa nyama, inakwaruza kama mtu anapaa sato.